Turubai na Hewa katika Kuhifadhi Nafaka



Kando ya Ziwa Viktoria mvua huja kwa ghafula, na mahindi ya vuli huvunwa kabla mvua hazijakwisha. Kwa hiyo wengi wetu, toka Magu mpaka Sengerema, hununua turubai, hufunika mazao uani, kisha hulala usingizi. Hapo ndipo hasara ianzapo. Turubai huzuia maji ya mvua, lakini pia hufungia ndani maji yaliyomo katika punje. Mchana jua hulichoma, mvuke hupanda; usiku baridi ikija, mvuke hugeuka matone na kuangukia nafaka. Niliwahi kufunuliwa rundo lililofunikwa siku 9 bila kuguswa. Turubai lilikuwa jipya, halina tundu hata moja, na mahindi ya juu yalikuwa yameota.

Yakupasa basi kufunua kila asubuhi umande ukishakauka, na kufunika jua lishukapo au wingu likitanda. Usililaze turubai juu ya magunia. Litandaze juu ya mwamba wa mti, na pande mbili za ncha ziachwe wazi hewa ipite. Magunia yakae juu ya chaga, wala yasiguse udongo.

Mahindi yenye magunzi ambayo hayajakauka vema yawekwe katika kihenge chembamba cha fito, upana usizidi sentimita 60, sakafu yake iwe juu ya ardhi kiasi cha mita 1. Ubavu mrefu uelekee ziwani, maana mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara, na usiku hurudi. Nyasi zilizoota chini ya kihenge huziba njia ya hewa, zifyeke. Vumbi na mapumba yaliyoziba nafasi za fito yafagiliwe.

Turubai lenyewe lataka kutunzwa. La kitambaa lishonwe kwa uzi uliopakwa nta, kiraka kizidi tundu pande zote. La plastiki usilishone, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Lioshe, likauke, ubandike utepe wa gundi juu na chini. Usilikunje likiwa bichi. Lililobeba dawa ya pamba lisiguse chakula kamwe. Lililoanikiwa dagaa lioshwe kwa sabuni, ama sivyo ugali wako utakuwa na kitoweo ndani yake.

Kabla ya kutia nafaka ghalani, ipime. Twaa chupa kavu, tia punje hata theluthi, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa sana, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha juani. Mahindi yafaa kuwekwa yakifikia asilimia 13.

Usiseme ukungu huoshwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na 20 wakafa. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Punje zenye ukungu zichague uzitupe. Usizitie katika pombe wala usiwape kuku.

Leo jioni, kabla hujafunika, tia mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, litawanye kesho mapema.