Kindi Shambani na Barazani: Namna ya Kumdhibiti Bila Kutumia Sumu

Leo tuongee kuhusu mnyama mdogo ambaye vijana wengi wanamchukulia poa mpaka siku wanapoona mistari ya mahindi ina mapengo kama meno ya mtoto. Huyo ni kindi. Wengine humwita kidiri, wengine kuchakuro. Hapa tambarare za Kilimanjaro, kuanzia Mwanga kuelekea Same, huyu wa ardhini, anayechimba mashimo na kukimbia mkia ukiwa juu, ndiye anayeongoza kwa kufukua mbegu. Yule wa mitini husumbua zaidi kwenye matunda, karanga zilizoanikwa na mahindi yaliyoachwa barazani.

Kila msimu naulizwa swali lile lile: "Afisa, kuna dawa gani ya kuwamaliza?" Jibu langu ni kwamba huhitaji kuwamaliza. Unachohitaji ni kuilinda mbegu siku chache zile ambazo iko hatarini, halafu kuulinda mavuno pale unapoanika na kuhifadhi. Ukiyafanya hayo mawili vizuri, kindi atabaki porini akila vyake na wewe utavuna vyako.

Kwanza, hakikisha mwizi ni nani

Usitumie hela kabla hujajua unapambana na nani. Kindi ni mnyama wa mchana. Usiku analala shimoni au mtini. Hutoka jua likishaanza kupasha ardhi, anakula asubuhi, anapumzika jua likiwa kali, kisha anarudi alasiri. Kwa hiyo kama umekagua shamba jioni likawa salama na alfajiri ukakuta limefukuliwa, usimlaumu kindi. Huyo ni panya, nungunungu au mnyama mwingine wa usiku.

Alama za kindi ni hizi:

- Kishimo kidogo kilichochimbwa pale pale mbegu ilipo, halafu kingine mbele yake, akifuata mstari kana kwamba aliona ukipanda.
- Maganda ya punje yameachwa juu ya udongo, mara nyingi sehemu laini ya kiini ndiyo imeliwa.
- Mche mchanga umelala pembeni ukiwa mzima, ila punje iliyokuwa chini yake haipo.
- Uharibifu ni mkubwa mpakani, karibu na vichaka, vichuguu au kingo za mitaro, na unapungua unavyoingia katikati ya shamba.

Kwale, kanga na kunguru nao hufukua, ila wao huparura udongo na kuacha alama za kucha za ndege. Tofauti hii ni muhimu, utaona mbele kwenye habari ya pilipili.

Pili, piga hesabu ya hasara

Sisi tunalima biashara, kwa hiyo tuongee kwa namba. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari moja inabeba takribani mimea 18,000. Kindi akikuondolea mmoja katika kila kumi, umepoteza mimea 1,800. Tuseme kila mmea ungekupa gramu 120 za punje. Hiyo ni kilo 216, yaani gunia mbili za kilo 100 na zaidi kidogo. Mimea iliyo jirani na pengo hufidia kiasi kwa kupata mwanga na mbolea zaidi, lakini haifidii yote. Na bado mbegu, mbolea ya kupandia na vibarua ulishalipa.

Ili ujue hali yako halisi, tembea shambani siku ya nne au ya tano baada ya kupanda. Chagua sehemu 5, mbili kati ya hizo ziwe mpakani. Kila sehemu hesabu mashimo 100 na uandike mangapi yamefukuliwa. Ukipata 25 katika 500, hiyo ni asilimia 5. Zidisha kwa bei ya gunia ya sokoni kwako, kisha linganisha na gharama ya kulinda. Hapo utaamua kwa akili, siyo kwa hasira.

Njia za kulinda mbegu shambani

1. Andaa mpaka kabla ya mvua. Wiki tatu au nne kabla ya kupanda, zunguka shamba lote. Fyeka ukanda wa mita 3 hadi 5 pembezoni ili kindi akitoka awe wazi mbele ya mwewe na mbwa. Mabua ya msimu uliopita yaliyorundikwa kwenye kingo yaondoe, weka kwenye mboji. Usichome moto, unapoteza rutuba na unaweza kuunguza shamba la jirani.

Ukikuta mashimo, usianze kuyachimba yote kichwa kichwa. Jioni, ziba kila tundu kwa udongo laini na majani. Kesho yake saa nne asubuhi rudi ukague. Yaliyofunguliwa ndiyo yanayokaliwa. Weka vijiti hapo, ndipo mlinzi na mbwa wako watakapoelekeza nguvu. Mashimo yaliyoachwa ndani ya shamba yavunje wakati wa kulima.

2. Pandeni pamoja. Ukipanda peke yako wiki mbili kabla ya majirani, kindi wa eneo zima watakula kwako. Mkipanda siku zinazokaribiana, uharibifu unagawanyika na hakuna anayebeba mzigo mzima. Kaeni kama kikundi, mkubaliane siku za kupanda mara mvua ya masika au vuli inapotulia.

3. Panda kwa kina sahihi na ufunike vizuri. Sentimita 5 inatosha kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu ya juu juu kindi anaifikia kirahisi, na ikiwa kina kirefu mno nayo inachelewa kutoka au inaozea chini. Funika, kandamiza kidogo kwa mguu, na usiache punje zimedondoka juu ya ardhi. Punje iliyoachwa juu ni mwaliko. Mnyama akishaonja moja atatafuta ya pili.

4. Harakisha uotaji. Hatari kubwa ni tangu siku ya kupanda mpaka mche umalize chakula kilichomo kwenye punje. Udongo ukiwa na joto na unyevu, mahindi hutoka ndani ya siku 5 hadi 10. Kama mbegu yako haijapakwa dawa, unaweza kuiloweka usiku mmoja, ukaichuja, ukaianika kivulini mpaka isigandane, ukapanda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Mbegu ya dukani yenye rangi imepakwa dawa: usiiloweke, na vaa glavu unapoishika.

5. Linda kwa saa sahihi. Huhitaji mlinzi wa kutwa mwezi mzima. Unahitaji mtu kuanzia jua linapochomoza hadi saa tano asubuhi, na tena saa tisa hadi jua linapozama, kwa siku 10 hadi 14. Azunguke, asikae sehemu moja. Sanamu, makopo ya kugongana na riboni zinazomeremeta husaidia siku chache tu, mnyama akizizoea anazipita. Ukiamua kuzitumia, zihamishe kila siku ya pili.

6. Tumia mbwa. Mbwa aliyezoeshwa kuzunguka mpaka na mlinzi ni msaada mkubwa kuliko sanamu kumi. Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na usimwache azurure kwenye mifugo ya watu.

7. Pilipili, lakini ijue mipaka yake. Chukua gramu 100 za pilipili kichaa kavu iliyosagwa na vichwa 2 vya kitunguu saumu kilichotwangwa. Loweka kwenye lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza maji yafike lita 5 na kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Jaribu kwenye mimea michache kwanza. Kama haijaungua baada ya siku mbili, nyunyizia miche na mistari ya mpakani. Vaa glavu na barakoa, upepo uwe mgongoni.

Sasa tuwe wakweli. Mvua ikinyesha, imesafishwa, lazima urudie. Haizuii mbegu iliyo chini ya udongo kufukuliwa. Na ndege hawausikii ule ukali wa pilipili kama wanyama wanyonyeshao wanavyousikia, kwa hiyo kama adui yako ni kwale au kunguru, unapoteza muda. Ichukulie kama nyongeza ya ulinzi, isiwe ulinzi wenyewe.

8. Jazia mapengo mapema. Mara miche inapotoka, kagua na urudishie aina ile ile ya mbegu ndani ya siku chache. Ukichelewa, mche mdogo utafunikwa na kivuli cha wakubwa na hautakupa gunzi la maana.

Kwenye kitalu na miti ya matunda

Kitalu cha mboga ni kidogo, kwa hiyo kizuie kabisa. Tumia waya mgumu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.25. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa, kindi mdogo anapenya. Zika waya chini sentimita 30, ncha ya chini uikunje kuelekea nje ili akichimba akutane nayo. Juu funika pia, kindi anajua kupanda.

Kwenye mwembe au mnazi uliosimama peke yake, zungushia shina bati lenye upana wa sentimita 50 hivi, urefu wa kama mita 2 kutoka ardhini. Lishike kwa waya, usipigilie misumari kwenye shina, na ulilegeze mti unavyonenepa. Kata matawi yanayogusana na mti mwingine, ukuta au paa kwa nafasi ya mita 2 au zaidi. Ukiacha daraja hata moja, bati lako ni pambo tu. Matunda yaliyodondoka okota kila siku.

Barazani na ghalani

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Mkulima amelinda shamba miezi minne, halafu anaanika mahindi barazani na kwenda sokoni. Kindi, kuku na panya wanapokezana zamu.

Anika juu ya turubai au kichanja kilichoinuliwa, awepo mtu wa kugeuza na kufukuza, na jioni ingiza yote ndani. Fagia punje zilizomwagika, maana hizo ndizo zinazomfundisha kindi njia ya nyumbani kwako. Chakula cha kuku na cha mbwa kisilale nje. Ziba matundu ya dari na kuta kwa waya au saruji. Matambara na mbao laini atatafuna, kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua.

Mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Kama huna kipimo, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado hayajakauka. Ukihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kumbuka mifuko hiyo haimzuii mnyama mwenye meno. Iweke juu ya chaga, mbali na ukuta, ndani ya chumba kilichozibwa. Ghala la miguu liinuke mita 1, na kila mguu uvalishwe koni ya bati iliyotazama chini.

Kwa nini nakataza sumu

Najua wapo wanaochanganya kiuatilifu na punje na kumwaga mpakani. Acha. Punje ile ataila kuku wako, mbwa wa jirani ataokota mzoga, bundi na mwewe watakufa. Ukishaua bundi na mwewe, msimu unaofuata panya watakushukuru. Mbaya zaidi, mtoto hajui kutofautisha mahindi ya sumu na mahindi ya kukaanga. Pia kindi ni mnyamapori, na wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama wamezidi kiasi cha kukushinda, pitia ofisi ya kata ili mwone na afisa wanyamapori hatua inayoruhusiwa.

Usimshike kindi aliye hai wala mzoga kwa mikono mitupu. Viroboto wa wanyama wagugunaji wanaweza kubeba tauni, na hapa nchini Lushoto na Mbulu zimewahi kupata milipuko ya ugonjwa huo. Ukiona panya au kindi wengi wamekufa bila sababu, toa taarifa zahanati. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Ratiba fupi ya kubandika ukutani

- Wiki 4 kabla: fyeka mpaka, tambua mashimo yanayokaliwa, kubaliana na majirani.
- Siku ya kupanda: kina sahihi, funika, usiache punje juu.
- Siku 1 hadi 14: mlinzi na mbwa asubuhi na alasiri.
- Siku 4 au 5: hesabu uharibifu sehemu 5.
- Miche ikitoka: jazia mapengo, pilipili mpakani.
- Mavuno: vuna mara yakikomaa, anika kwa uangalizi, ingiza jioni, ziba ghala.

Kama bajeti yako ni ndogo na huwezi yote, anza na namba 1, 2 na 5. Hizo tatu hazihitaji dawa wala waya, zinahitaji panga, makubaliano na mtu wa kuamka mapema. Jaribu msimu huu, andika hesabu zako kwenye daftari, halafu msimu ujao linganisha. Kazi njema shambani.