Kadi ya Bima Inapokwama Katikati ya Tiba ya Saratani

Saratani haitibiwi kwa siku moja. Dawa za saratani za kutundikwa kama dripu mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, kwa miezi kadhaa. Mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi huchukua siku tano kila juma, kwa majuma matano hivi. Katikati ya safari hiyo kadi ya bima hukataliwa dirishani, na wengine huikunja wakarudi nyumbani. Hiyo ndiyo hatari kubwa: uvimbe ulioanza kunywea hupata nafasi ya kukua tena.

Mkikataliwa, msiondoke. Ulizeni kwa upole tatizo liko wapi, maana sababu hazifanani. Pengine jina la kwenye kadi halilingani na la kitambulisho. Pengine mwajiri hakupeleka michango. Mtumishi wa serikali huchangia asilimia 3 ya mshahara katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri asilimia 3. Basi aliyekatwa achukue hati yake ya mshahara aende nayo ofisi ya Mfuko mkoani. Pengine dawa yenyewe yahitaji kibali cha Mfuko. Hicho huombwa na hospitali, si mgonjwa, lakini mkumbusheni daktari majuma mawili kabla, si asubuhi ya sindano.

Wenye kadi za CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, wengi walishangaa kukuta kadi hiyo inaishia hospitali ya mkoa. Mionzi haipo huko. Ipo hospitali chache kubwa, kama Ocean Road na Bugando. Mgonjwa wa namna hiyo amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ile ile, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, aombe msamaha wa gharama.

Kuazimana kadi, hata kwa ndugu wa tumbo moja, ni kosa la jinai; tena majibu ya dada huingia katika faili la mdogo wake. Kwa saratani huo ni mchezo mbaya.

Bima hailipi nauli za kila mara wala chumba cha kulala mjini, na hapo ndipo mchango wa jumuiya hufaa zaidi. Toeni pia nakala za barua ya rufaa na majibu ya kipimo cha kinyama. Nakala moja ibaki nyumbani, sandukuni.