Usiuze bendeksi kwa jina la gari: somo la stata kwa muuza spea mtandaoni

Leo tunaongelea spea moja ndogo inayoenea kwenye kiganja, ila ukituma isiyo sahihi inakula faida yako na kukuondolea mteja. Ni bendeksi ya stata, yaani ile gia ndogo inayoanza kuzungusha injini ukiwasha gari.

Mimi nauza spea za magari ya zamani hapa Kahama, upande wa Buzwagi. Shule niliishia sekondari. Stata nimejifunza kwa kukaa na mafundi na kufungua mbovu moja baada ya nyingine. Mgodi wetu ulimaliza uzalishaji mwaka 2021, lakini magari hayajasimama: kuna Noah, Hiace, Mark II, na Probox za mchomoko. Wateja wangu wako Kakola, Masumbwe, Katoro mpaka Geita, na mzigo unapanda basi.

Sasa fikiria dereva wa mchomoko. Amelipia gia, amelipia mzigo stendi, amemlipa fundi kushusha stata. Gia imefika, haiingii. Siku imekufa na hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Hatamlaumu fundi, atakulaumu wewe.

KWANZA, IJUE KAZI YAKE

Ukizungusha ufunguo, solenoidi inasukuma gia ndogo mbele ikang'ate ringi kubwa ya meno iliyozunguka flaiwili. Zikishakutana, umeme mkubwa unaingia kwenye mota na injini inazunguka. Jina bendeksi limetoka kwa Mmarekani Vincent Bendix, aliyebuni namna ya gia kuingia na kutoka yenyewe.

Injini ikiwaka, inazunguka haraka kuliko stata. Chukua mfano: ringi ina meno mara 12 ya gia ndogo. Injini ikifika mizunguko 2,000 kwa dakika, gia ndogo ingezunguka mara 24,000. Stata ingepasuka. Ndiyo maana ndani ya bendeksi kuna klachi inayoshika upande mmoja tu: stata inazungusha injini, injini haizungushi stata.

Kwa hiyo bendeksi inakufa kwa njia mbili. Meno yanalika, au klachi inachoka. Muulize mteja ni ipi.

PILI, SIKILIZA SAUTI KABLA YA KUPOKEA HELA

Mwambie mteja arekodi sauti ya gari akiwasha, akutumie WhatsApp. Sauti inasema mengi:

1. "Tik" moja halafu kimya. Mara nyingi ni tamno zimelegea, betri, au kopa za solenoidi zimelika. Usimuuzie gia.

2. "Tik-tik-tik" za haraka. Betri imeshuka au waya haushiki. Betri nzima ya volti 12 ikiwa imejaa inasoma kama 12.6. Wakati wa kuwasha ikishuka chini ya 9.6, aanze na betri.

3. "Zzzzz", mota inazunguka lakini injini imetulia. Klachi ya bendeksi inateleza, au uma unaosukuma gia umevunjika. Hapa bendeksi inahusika, ila fundi athibitishe uma.

4. "Krrrr" ya chuma kusagana. Meno yamelika. Swali ni meno ya nani: ya gia ndogo au ya ringi? Inawezekana pia bolti za stata zimelegea ikakaa upande, kwa hiyo azikaze kwanza.

5. Gari limewaka lakini stata inaendelea kulia. Gia haitoki, au solenoidi imeganda. Azime gari na atoe waya wa betri haraka, vinginevyo stata itaungua.

TATU, KITU AMBACHO WAUZAJI WENGI HAWAULIZI

Namba 4 ndiyo yenye hatari kwenye biashara. Gia mpya ukiifunga kwenye ringi iliyolika, ringi itaila hiyo mpya. Baada ya muda mteja anarudi: "Umeniuzia feki." Na wewe gia yako ilikuwa nzima kabisa.

Kuna namna ya kuitambua ringi mbovu. Injini ya silinda nne ikizimwa huwa inapenda kusimama sehemu mbili zilezile, zinazotazamana. Kwa hiyo ringi hailiki mzunguko mzima, inalika sehemu mbili. Ya silinda sita, sehemu tatu. Basi muulize hivi: "Hiyo krrrr inatokea kila ukiwasha, au siku nyingine inawaka vizuri?" Kama ni gia ya manyuo, aongeze swali la pili: akizima gari, akaweka gia namba tatu na kulisukuma hatua ndogo, akatoa gia akawasha, linawaka? Kama jibu ni ndiyo, ringi ndiyo ya kushukiwa. Akisaga kila mara bila kujali injini ilisimama wapi, gia ndogo inashukiwa zaidi.

Stata ikishashushwa, fundi apige tochi kwenye tundu lake, azungushe injini taratibu kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, huku waya wa betri umetolewa. Aangalie meno yote ya ringi.

Kuna mteja wa upande wa Kakola, gari lake Noah, alitaka bendeksi haraka siku hiyohiyo na hela alikuwa nayo mkononi. Nikamuuliza hayo maswali mawili. Majibu yakaonyesha ringi. Fundi wake akaangalia, meno ya sehemu mbili yamebaki kama msumeno butu. Nilikosa mauzo ya siku ile. Ila alinunua ringi na bendeksi kwa pamoja baadaye, na mpaka leo akitaka hata plagi ananitafuta mimi.

NNE, VIPIMO NDIVYO JINA LA SPEA

"Nataka bendeksi ya Noah" haitoshi. Kuna Noah ya 3S ya petroli na Noah ya 3C ya dizeli, na dizeli inahitaji stata yenye nguvu zaidi kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa. Hiace nayo hivyohivyo. Na kumbuka haya ni magari ya zamani: mengi yameshabadilishwa stata, wengine hata injini. Kadi ya gari inasema hivi, chini ya boneti kuna kingine.

Omba picha ya bendeksi ya zamani ikiwa pembeni ya rula, kisha jaza haya:

• Idadi ya meno. Zipo za 9, 10, 11 na zaidi. Mwambie aweke alama ya maki peni kwenye jino la kwanza ndipo ahesabu.
• Upana wa gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili.
• Urefu wa bendeksi nzima.
• Mifereji ya ndani: ni mingapi na tundu lina upana gani.
• Upande inaozunguka. Mbili zinaweza kufanana kwa macho, moja ikashika kulia na nyingine kushoto.
• Namba iliyoandikwa kwenye mwili wa stata. Kwa Toyota, namba ya stata nzima huanza na 28100.
• Volti: 12 au 24.

Kila uliyouza na ikakubali, iandike: gari, injini, namba ya stata, meno, vipimo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miezi michache daftari lako litakuwa na thamani kuliko shelfu.

TANO, IKAGUE KABLA YA KUIFUNGA KWENYE BOKSI

Shika bendeksi, zungusha gia kwa vidole. Upande mmoja iende laini, upande wa pili ishike papo hapo. Ikiteleza pande zote, au ikigoma pande zote, usiitume. Kama ni ya mtumba, angalia ncha za meno: zikiwa zimechongoka au zimemeguka, iache. Rekodi video fupi ya hilo jaribio umtumie mteja. Hiyo ndiyo risiti yako siku ya ubishi.

SITA, MAELEKEZO YA KUWEKA NDANI YA BOKSI

Nakili huu ujumbe, uandike kwenye karatasi:

"Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Waya mkubwa wa stata una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Linganisha gia mpya na ya zamani kabla ya kufunga. Usiioshe bendeksi kwa petroli, itatoa mafuta ya klachi ndani. Paka grisi kidogo sana kwenye mifereji ya shafti tu. Kaza bolti za stata sawasawa. Ukiwasha, usizidishe sekunde 10. Likigoma, pumzisha dakika moja. Likiwaka, achia ufunguo hapohapo."

Hiyo grisi kidogo ina sababu yake kwa kanda yetu. Vumbi la barabara zetu likikutana na grisi nyingi linakuwa kama msasa wa maji, na linaganda mpaka gia inashindwa kurudi.

Kazi ya leo: chukua bendeksi zote ulizonazo dukani, hesabu meno, pima, piga picha na rula, kisha hariri matangazo yako. Badala ya "Bendeksi ya Noah ipo", andika meno, upana, volti na upande inaozunguka. Mteja akiuliza bei, mjibu bei pamoja na maswali mawili ya ringi. Wa haraka wachache watakimbia. Wanaobaki ndio wanaorudi kununua tena.

Kazi njema.