FIZIOTHERAPIA SI KUCHUA TU: TUIFAHAMU KAZI YA MTAALAMU HUYU

Si jambo geni kumkuta mzee aliyepatwa na kiharusi akiwa amelala kitandani majuma mengi, huku jamaa zake wakiamini kwamba kumhurumia ni kumwacha apumzike. Huruma hiyo humgharimu. Misuli isiyotumika hudhoofu, viungo hukakamaa, na ngozi inayogandamizwa muda mrefu hufanya vidonda. Yupo mtaalamu awezaye kusaidia kuyazuia hayo, lakini wengi humdhania kuwa mchuaji tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia ni nani?

Ni mhudumu wa afya aliyesomea jinsi mwili unavyojongea na namna ya kuurejeshea uwezo huo unapopungua. Hapa nchini taaluma hii hufundishwa katika vyuo, kikiwemo cha KCMC mjini Moshi. Nyenzo yake kuu si dawa wala upasuaji, bali ni mazoezi yaliyopangwa kwa kipimo.

Kwanza humchunguza mgonjwa: nguvu za misuli, mkunjo wa viungo, uwezo wa kusimama bila kuyumba, na hata upumuaji. Kisha huweka lengo pamoja naye, kwa mfano kufika chooni bila kushikwa. Humpangia mazoezi, humchagulia fimbo, magongo au kiti mwendo kinachomfaa, na huwafundisha jamaa zake. Hupima maendeleo kila mara, na akiona tatizo lililo nje ya taaluma yake humrudisha mgonjwa kwa daktari.

Huduma hii si ya wazee peke yao. Huwafaa pia watoto wenye mtindio wa ubongo au nyayo za kupinda, waliovunjika mifupa, wenye maumivu ya mgongo, na waliofanyiwa upasuaji.

Kwa nini tuwahi?

Baada ya kiharusi, sehemu za ubongo zilizosalimika huweza kujifunza kazi za sehemu iliyoathirika, iwapo mgonjwa atarudia tendo lile lile mara nyingi. Sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo mazoezi huanza mara daktari anaporidhika kwamba hali ya mgonjwa imetulia.

Wajibu wa familia nyumbani

Mtaalamu humwona mgonjwa kwa muda mfupi. Saa nyingi zilizobaki ni za familia. Tuzingatie haya:

1. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili.
2. Asivutwe kwa mkono uliolegea, kwani bega lake huweza kuumia.
3. Aachwe afanye mwenyewe analoliweza, hata likichukua muda.
4. Mazoezi aliyofundishwa yafanyike kila siku, si siku ya kliniki pekee.
5. Kiungo kilichokakamaa au kuvunjika kisinyooshwe kwa nguvu na mtu asiye na taaluma.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kiungo nacho ni vivyo hivyo: kikishakauka, kukikunja ni kazi ya miezi na maumivu makali. Mwenye mgonjwa nyumbani aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, aeleze tatizo, na aulize waziwazi kuhusu rufaa ya fiziotherapia. Asingoje mgonjwa apate nguvu ndipo ampeleke, kwa maana nguvu hizo ndizo anazokwenda kuzitafuta.