Maneno ya Kiingereza Yalikotoka

Katika mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alivuka bahari akaiteka Uingereza. Baada ya hayo wakubwa walisema Kifaransa, na raia Kiingereza. Hata leo ng'ombe malishoni huitwa "cow", neno la Kiingereza cha kale, lakini nyama yake mezani ni "beef", neno lililotoka katika Kifaransa.

Maneno ya hukumu nayo, kama "judge", yaani hakimu, na "court", yaani korti, yalitoka huko huko. Raia aliweza kushtakiwa kwa lugha asiyoifahamu. Ndipo mwaka 1362 Bunge likaamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza, ili mtu aelewe maneno ya kumtetea na ya kumshtaki. Lakini maandishi yaliwekwa kwa Kilatini.

Kilatini kilikuwa kimetangulia kwa njia ya dini na elimu: "school" limetoka katika "schola". Neno hilo hilo, likipitia Kijerumani, ndilo "shule" ya Kiswahili. Basi asomaye Kiingereza asidhani kuwa kukopa maneno ni umaskini wa lugha. Hasara huja pale tu raia anapohukumiwa kwa maneno asiyoyajua.