Haki ya Njia Inapolia King'ora



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Darsa letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa la polisi wa trafiki tu, si la dini: namna Muislamu anavyotakiwa kufanya barabarani anapokutana na gari la wagonjwa, la zimamoto au la polisi likiwa kazini, hasa katika barabara za mwendo wa kasi.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, barabara hizo ziko mlangoni kwetu. Northern Bypass inaizunguka Kampala kutoka Busega mpaka Namboole, na hapo Busega inaungana na Entebbe Expressway, iliyofunguliwa Juni 2018 na kuanza kutozwa ushuru Januari 2022. Wengi wetu tunapita humo tukienda nyumbani, mazoezini au uwanja wa ndege. Pili, ninasomea uuguzi, na katika mafunzo ya vitendo nimekaa nyuma ya gari la wagonjwa mara kadhaa. Ukiwa kule nyuma, barabara unaiona kwa jicho jingine.

Dakika zina thamani gani?

Ubongo ukikosa hewa ya oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, nne hadi sita hivi. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipopata tiba. Ndani ya gari lile muuguzi anajitahidi kushikilia dripu kwa mkono mmoja na kujishikilia mwenyewe kwa mkono mwingine. Dereva akifunga breki ghafla kwa sababu taksi imemkatiza mbele, sindano inaweza kuchomoka, na mshipa uliopatikana kwa taabu unapotea. Gari likisimama kwenye foleni, mtungi wa oksijeni unaendelea kupungua. Kwa hiyo anayezuia njia hamcheleweshi dereva mwenzake. Anamcheleweshea matibabu mtu asiyemjua, ambaye hana uwezo hata wa kumwomba ampishe.

Dini inasemaje?

Katika Surat Al-Maida, aya ya 32, Allah amelinganisha kuiokoa nafsi moja na kuwaokoa watu wote. Wanazuoni wa misingi ya fiqhi, akiwemo Imam Al-Ghazali, waliweka kulinda uhai miongoni mwa mambo matano makuu ambayo sharia imekuja kuyahifadhi.

Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana budi, aliwaagiza waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kujizuia kuwaudhi watu. Hadithi nyingine mashuhuri inatufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na kuondoa kinachodhuru njiani ni mojawapo. Tumezoea kuufikiria mwiba, jiwe au ganda la ndizi. Lakini gari langu likikaa mbele ya gari la wagonjwa, kinachodhuru njiani ni mimi, na ni mimi ninayetakiwa kuondoka.

Wanafiqhi wamesema pia kwamba mwenye kuswali akimwona mtu anazama majini, naye ana uwezo wa kumwokoa, ataikata swala yake amwokoe, kisha aiswali tena. Tulipime jambo hili. Ikiwa swala, nguzo ya dini, inakatwa kwa ajili ya uhai wa mtu, nafasi yangu katika foleni ya Busega ina uzito gani?

Na asidhani mtu kwamba kanuni za barabarani ni amri za serikali tu zisizomgusa mbele ya Mola wake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 lilijadili ajali za barabarani, likaamua kwamba kufuata kanuni za usalama barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kisharia. Kanuni za Uganda, kama za nchi nyingi, zinamtaka dereva alipishe gari la dharura linalopiga king'ora na kuwasha taa.

"Huyo ni mkubwa tu anakimbia foleni"

Hapa ndipo penye ugumu wetu wa Kampala, na nisingetenda haki kuupita. Hapa mjini ving'ora ni vingi. Vingine ni vya misafara ya wakubwa, vingine vimefungwa kwenye magari ya watu wasio na ruhusa, na polisi wamelikemea jambo hili mara nyingi. Matokeo yake madereva wamechoka. Wakisikia king'ora husema, "Huyo naye ana haraka ya chakula cha mchana," kisha wanabana njia.

Nimewasikia ndugu wakitoa hoja hii kwa dhati: kwa nini nimpishe mwongo? Jibu langu ni kwamba tupime makosa mawili. Nikimpisha mwongo, nimepoteza nusu dakika, na dhambi ya uongo ni yake. Nikikataa kumpisha mkweli, huenda nimechangia kifo, na hapo hesabu ni yangu. Mtu mwenye akili hachezi kamari ya aina hiyo, sembuse Muislamu. Wajibu wangu haufutwi na ukosefu wa uaminifu wa mwingine.

Ila wenye kufunga ving'ora vya uongo nao wajue wanachokifanya. Wanaiba imani ya watu. Kila wanapopita, wanamfundisha dereva mmoja zaidi kutosikia, na atakayelipa ni mgonjwa. Hali kadhalika yule anayepisha vizuri kisha akaruka nyuma ya gari la wagonjwa ili apite nalo. Njia ile imefunguliwa kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili yake.

Tufanye nini hasa?

1. *Usifunge breki ghafla.* Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ukisimama ghafla utasababisha ajali ya pili. Angalia vioo, jua king'ora kinatoka wapi, washa indiketa, kisha ondoka taratibu.

2. *Ukiwa njia ya kulia na kushoto kuna nafasi, rudi kushoto.* Kama kushoto kumejaa, endelea na mwendo salama mpaka upate upenyo. Usisimame kwenye kona wala karibu na kilele cha mlima, mahali ambapo wanaokuja nyuma hawakuoni.

3. *Foleni ikisimama, fungueni njia katikati.* Magari ya njia ya kulia yajisogeze kulia, ya kushoto yajisogeze kushoto. Wajerumani wameliweka jambo hili katika sheria: magari yakianza kwenda pole kama mtu anayetembea, kila dereva hujisogeza ukingoni kabla hata king'ora hakijasikika. Ukishabanana na gari la mbele, huna tena pa kwenda. Kwa hiyo acha nafasi mbele yako.

4. *Usiigeuze sehemu ya pembeni kuwa njia yako.* Ule ukanda wa lami ulio nje ya mstari wa kushoto ni wa magari yaliyoharibika na ya dharura. Anayekimbilia humo kukwepa foleni anafunga mlango wa mwisho wa mgonjwa.

5. *Ukikuta gari la dharura limesimama, punguza mwendo.* Kama inawezekana kwa usalama, hamia njia ya mbali nalo. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria ya aina hii, kwa sababu waokoaji wengi hugongwa wakiwa wanahudumia ajali.

6. *Usisimame kutazama.* Usiku wa tarehe 29 Juni 2013, lori la mafuta lilipata ajali pale Namungoona, kwenye Northern Bypass hii hii. Watu walikusanyika, wengine wakachota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ukalipuka, na watu wasiopungua 30 wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Kwenye ajali, asiye na kazi ya kusaidia aondoke, apige simu 999 au 112, awaachie njia wenye kazi.

Kama huna gari

Najua wengi wetu hatuna gari. Tunapanda taksi na bodaboda. Lakini kuamrisha mema hakukuwekewa sharti la kumiliki usukani. Abiria mmoja akisema kwa upole, "Ssebo, tulipishe gari la wagonjwa," mara nyingi dereva husikia, na abiria wengine humuunga mkono. Nimeliona hilo likifanyika. Vilevile, bodaboda uliyoipanda ikitaka kulifuata gari la wagonjwa, sema hapana. Sema kwa adabu, kwa maana dereva aliyetukanwa hubana njia zaidi.

Na wewe utakayekuwa daktari, mhandisi, au ofisa mwenye gari la serikali, weka nia tangu leo kwamba king'ora hakitalia kwa ajili ya haraka zako. Amana haianzi siku ya kuajiriwa.

Maswali ya kujadili katika halaqa

- Je, mtu aliyezuia gari la wagonjwa kwa makusudi, na mgonjwa akafariki, anabeba jukumu gani mbele ya Allah? Tumuulize imamu wetu tofauti ya kukusudia na kughafilika.
- Tunapokwenda safari kwa basi la jumuiya, nani tumpe kazi ya kumkumbusha dereva?
- Siku ya Ijumaa, magari na bodaboda zetu tunaziegesha wapi? Je, gari la zimamoto likihitaji kufika msikitini litapita?

Swali hilo la mwisho tusiliache likiwa mazungumzo tu. Ijumaa hii, kabla ya kuingia kuswali, kila mmoja atazame nyuma yake alipoegesha.

Allah atujaalie tuwe watu wanaofungua njia, si wanaoziba. Wabillahi tawfiq.