HAKI HAIPIMWI KWA WINGI WA WATU WALA KWA BUNDUKI
Somo kutoka kwa jirani zetu wa Burundi



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi na wazazi, somo hili lilianzia kwenye ndoo ya maji ya udhu. Wakati wa Alasiri wanafunzi wetu wawili waliigombania, na mmoja akamwambia mwenzake: "Rudi kwenu, mkimbizi we!" Aliyeambiwa hivyo amezaliwa hapa hapa Sumbawanga. Baba yake alizaliwa Katumba. Aliyevuka kutoka Burundi ni babu yake, mwaka 1972. Mtoto yule hakujibu kitu, na kesho yake hakuja darasani. Nilipokwenda kwao kumwangalia, mzee aliniuliza: "Ustadhi, hao watoto wanajua sisi tulikimbia nini?" Nilinyamaza, maana sikuwa nimewafundisha. Makala hii ni jibu la swali lake.

WARUNDI NA MAKABILA YAO

Ziwa Tanganyika tunalolifikia sisi kwa kushuka Kasanga au Kipili, ndilo hilo hilo linalopiga ufuko wa Rumonge kule Burundi. Wakazi wa nchi hiyo ni Wahutu, ambao hukadiriwa kuwa asilimia 85, Watutsi kama asilimia 14, na Watwa ambao ni wachache sana. Wote lugha yao ni moja, Kirundi, na wameishi pamoja kwenye vilima vile vile. Utawala wa Wabelgiji ulikazia tofauti zao kwa kuwapendelea baadhi katika elimu na uongozi. Mwanamfalme Louis Rwagasore alijaribu kuwaunganisha wote katika chama cha UPRONA, na Waislamu wa Bujumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

UTAWALA WA KIJESHI

Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero alipindua ufalme. Tangu hapo hadi mwaka 1993 nchi ilitawaliwa na wanajeshi watatu mfululizo: Micombero, Jean-Baptiste Bagaza aliyempindua mwaka 1976, na Pierre Buyoya aliyempindua Bagaza mwaka 1987. Wote watatu walikuwa Watutsi kutoka mkoa wa Bururi, na jeshi lilikuwa mikononi mwa Watutsi. Hapa tuelewe jambo moja: aliye na wingi wa watu anaweza kudhulumiwa sawasawa na aliye mchache, ikiwa bunduki, mahakama na shule viko mikononi mwa upande mmoja.

Tarehe 29 Aprili 1972 Wahutu wenye silaha walianzisha uasi kusini, kandokando ya ziwa, wakaua Watutsi wengi. Jeshi halikuishia kuwakamata waasi. Liliwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Waliouawa hukadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo wilayani Mpanda, wilaya iliyokuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Hiki ndicho alichokikimbia babu wa mwanafunzi wetu.

KURA NA DAMU

Baada ya mauaji mengine katika tarafa za Ntega na Marangara mwaka 1988, serikali ya Buyoya ilikubali kufungua milango ya vyama vingi. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi walipiga kura, na Melchior Ndadaye, Mhutu wa chama cha FRODEBU, akapata takriban asilimia 65. Buyoya alikubali kushindwa. Ndadaye naye hakulipiza kisasi: alimteua Bi. Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa Waziri Mkuu.

Lakini tarehe 21 Oktoba 1993, kabla hajatimiza miezi minne madarakani, wanajeshi walimuua. Vijijini Wahutu wenye hasira waliwaua majirani zao Watutsi wasio na hatia, na jeshi likawaua Wahutu. Vita iliyofuata ilichukua roho za watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Katika miaka hiyo mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi. Mtaa wa Buyenzi, wenye Waislamu wengi wanaozungumza Kiswahili, ulibaki wa mchanganyiko, na watu wa makabila yote mawili walipata hifadhi humo.

SULUHU YA ARUSHA

Buyoya alipotwaa tena madaraka kwa jeshi mwaka 1996, Tanzania na nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Mwaka 1998 mazungumzo yalianza Arusha chini ya Mwalimu Julius Nyerere. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mzee Nelson Mandela alishika nafasi yake, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mapigano hayakukoma siku hiyo, lakini msingi uliwekwa.

Tuangalie msingi wenyewe. Wahutu walitaka kura ihesabiwe. Watutsi waliogopa kwamba kura ikihesabiwa, wao wachache watamalizwa. Mkataba, na katiba iliyofuata mwaka 2005, vilijibu pande zote mbili. Katika jeshi hakuna kabila litakalozidi nusu. Bungeni Wahutu wawe asilimia 60 na Watutsi 40, na Watwa wapewe viti vitatu vyao. Hivyo mwingi alipata sauti, na mchache akapata usalama.

Mwaka 2005 uchaguzi ulifanyika na Pierre Nkurunziza akawa Rais. Mwaka 2015 alipotaka kipindi cha tatu, damu ilimwagika tena, na watu wa makabila yote wakakimbia, wengi wakiingia kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Kwa hiyo tusidhani kuwa aliyedhulumiwa jana hawezi kudhulumu leo.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Uadilifu ni kwa wote. Katika Suratul Maida, aya ya 8, waumini wanaamrishwa wasiache chuki yao kwa watu fulani iwafanye waache kutenda haki. Hatukuamrishwa kuwafanyia haki tunaowapenda peke yao.

2. Kumzuia dhalimu ni kumsaidia. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu, awe mdhulumiwa au dhalimu, na dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kumpisha njiani ni busara, lakini kumpisha adhulumu watu si katika mafunzo ya Mtume wetu.

3. Ukabila huanza mdomoni. Katika safari moja Muhajirina mmoja na Answari mmoja waligombana, kila mmoja akawaita watu wake. Mtume (S.A.W.) aliukemea wito huo kuwa ni wa kijahiliya na kuwaambia wauache, kwani unanuka. Tuzingatie: walikuwa maswahaba, na majina ya makundi yao yalikuwa majina ya heshima. Hata hivyo, yalipogeuzwa kuwa fimbo ya kupigania, yalikatazwa.

4. Mgeni akikaribishwa huwa mwenyeji. Zaidi ya 160,000 kati ya watu wa 1972 na watoto wao waliomba uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vyao vilianza kutolewa. Wengine walichagua kurudi Burundi. Anayemwita raia mwenzake mkimbizi anasema uongo, na pia anaumiza moyo.

Mwanafunzi wetu alirudi darasani siku ya nne, ameshikwa mkono na babu yake. Mwenzake alimwomba radhi mbele yetu sote, kisha mzee akaombwa akae atusimulie. Alisimulia mpaka Magharibi. Hakumtaja adui yake kwa kabila hata mara moja, alisema tu "wale wenye bunduki."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni nani aliyepindua ufalme wa Burundi, na mwaka gani?
2. Kwa nini kuhesabu kura peke yake hakukutosha kuleta amani Burundi?
3. Mkataba wa Arusha uliwapa nini walio wengi, na nini walio wachache?
4. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: ukoo wenu ulitoka wapi kabla ya kufika hapa? Andika majibu uje nayo darasani.

Wabillahi tawfiq.